Breki Haina Sauti

Mtaani kwetu Umoja, Subaru husikika kabla ya kuonekana. Unasikia ule mngurumo wa kukatikakatika, kama mzee anayekoroma na kucheka kwa wakati mmoja, na watoto wanaocheza bano wanaziacha bano zao chini wakageuza shingo. Vijana kwenye kona nao wanasimama. Ndai yenyewe ikitokea, hata ikiwa imebonyea mlango na taa moja haiwaki, heshima imekwisha kutolewa. Sauti ndiyo iliyotangulia kuipokea.

Lakini sauti hiyo si nguvu, na hili ndilo jambo ambalo masee wengi hawalijui. Injini ya Impreza za zamani ina pistoni nne zilizolala, mbili huku na mbili kule, kama mabondia wanaorushiana ngumi. Moshi wa kila upande husafiri kwa paipu mpaka kwenye turbo, na paipu hizo hazina urefu sawa. Moshi wa upande mmoja hutangulia, wa upande wa pili huchelewa kidogo, na mngurumo huzaliwa hapo. Ukizitengeneza paipu ziwe na urefu mmoja, gari halipungukiwi na chochote. Linanyamaza tu, likawa kama gari la mwalimu mkuu.

Mapenzi yetu kwa gari hili yalianzia Safari Rally. Waliotutangulia wanakumbuka mwaka 1993, Patrick Njiru alipomaliza Safari akiwa na Vivio, kigari cha Subaru chenye injini isiyofika hata cc 700. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari na Impreza ya buluu, na mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda na Impreza. Baada ya 2002 Safari ikatoka kwenye mashindano ya dunia, haikurudi mpaka 2021, pale Naivasha. Miaka hiyo yote kumi na tisa, kijana wa Nairobi aliyependa mwendo alikuwa na nini? Alikuwa na kanda za video za zamani, Impreza iliyotumika Japani ikashushwa Mombasa, na barabara ya watu wote.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa walioagiza. Mwaka 2003 alileta Impreza WRX iliyotengenezwa 1997, nyeupe, milango minne, giaboksi ya mkono. Aliipenda kama ng'ombe wa mahari. Sukari ilipomzidi mwaka 2014 akaacha kuendesha, na alipofariki miaka miwili baadaye gari lilikuwa limekaa uani chini ya turubai, paka wakizaliana ndani ya buti. Anti, mkewe, hakutaka kuliuza. Wala hakutaka kuliona likitembea. Mwaka 2019 binamu yangu, mtoto wao wa mwisho, alipotimiza miaka ishirini, tulimwendea sisi wawili tukamwomba tulifufue.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Gari ni lenu. Lakini siku nitakapopigiwa simu usiku nikaambiwa mlikuwa mnakimbizana kule Bypass, asubuhi yake naliuza, hata kama ni kwa kilo."

Basi hapo ndipo wazo la kiwanja lilipoingia. Tulitaka kukimbia, yeye alitaka tusikimbie barabarani, na kilichobaki kati ya hayo mawili ni mahali palipofungwa, penye kuanza na kuisha, pasipo na mama anayevuka na kikapu. Nje ya mji, upande wa Athi River, kuna kiwanja kifupi cha lami ambapo ukilipa unaruhusiwa kuzunguka na gari lako. Tukaamua kuwa Impreza ya mjomba itatengenezwa kwa ajili ya hapo.

Tulilivuta kwa kamba mpaka Kariobangi, kwa fundi aliyekuwa akimtengenezea mjomba tangu zamani. Sisi humwita Mzee tu. Ni mtu mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa waya, na hapendi kuharakishwa. Aliona binamu yangu ameshika karatasi aliyoandika vitu vyote anavyotaka: turbo kubwa, paipu ya moshi ya inchi tatu, bonneti yenye pua. Akaisoma yote. Akaikunja vizuri akamrudishia.

"Hii ni barua ya mapenzi," akasema. "Sasa niletee karatasi nyingine, uandike gari linaumwa wapi."

Mimi ni karani wa stoo, kazi yangu ni kuhesabu vitu vya watu. Nikanunua daftari la kurasa 96 nikaanza kuandika. Msomaji, kama unafikiri kutengeneza gari la mbio ni kuongeza vitu, njoo nikuonyeshe daftari hilo. Miezi minane ya mwanzo hakuna hata kitu kimoja kilichoongezwa. Kila ukurasa ni kurudisha gari mahali lilipokuwa lilipotoka kiwandani.

Tulianza na mkanda wa taiming. Mkanda huo wa mpira ndio unaoziambia vavu zifunguke lini, na kwa kawaida hubadilishwa kabla ya kilomita 100,000. Ukikatika kwenye injini hii, vavu zinakutana na pistoni na unabaki na chuma cha kuuza. Wetu ulikuwa na nyufa kama kisigino. Ukatoka, pamoja na puli zake na pampu ya maji, maana huwezi kufungua kote huko kisha ukaacha pampu kuukuu ndani. Zikafuata hosi za maji, zilizokuwa zimekauka hata ukiziminya zinalia. Zikaja bushi za mikono ya mbele, bearingi ya gurudumu la nyuma kushoto, na maunti za injini. Redieta ikapelekwa kuoshwa, yakatoka matope ya rangi ya chai. Mzee alikuwa na methali moja tu maishani, usipoziba ufa utajenga ukuta, na alikuwa akiisema kila anaposhika spana mpaka sisi tukawa tunaimalizia kwa niaba yake.

Spea nyingi tulizinunua Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kule mwanamke akiingia dukani anaulizwa kwanza, "Madam, umetumwa na nani?" Nilijifunza kubeba kitu cha zamani mkononi, kimefungwa kwa gazeti, nikakiweka mezani bila salamu ndefu. Nilijifunza pia kwamba boksi si ushahidi. Duka moja lilituuzia padi za breki ndani ya boksi zuri lenye maandishi ya Kijapani. Mzee alichukua msasa akasugua ukingo wa moja, unga wake ukamwagika mkononi kama makaa ya jiko. Alizirudisha kwenye boksi, akaniambia, "Mwanangu, hizi ni za kuwekea mlango usifungwe na upepo."

Padi hizo ndizo zilizotufikisha kwenye ugomvi wa doo.

Tulikuwa tumeweka akiba Sh85,000. Nusu zaidi ilikuwa mshahara wangu, na iliyobaki ilitoka kwa binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa akiosha magari wikendi huku akisoma chuoni. Gari lilikuwa limepona. Sasa zamu ya kuongeza ilikuwa imefika, na yeye alitaka turbo na paipu. Mzee alitaka breki: diski mpya za mbele, padi za kuvumilia joto, hosi za breki zilizosukwa kwa waya wa chuma, mafuta ya breki mapya. Mimi nilikuwa na daftari, kwa hiyo nilikuwa hakimu.

Hoja ya binamu yangu haikuwa ya kipumbavu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Injini hula hewa. Gari lisilo na turbo likipanda kutoka pwani linafika huku limechoka. Turbo ndiyo dawa, kwa sababu inashindilia hewa ndani kwa nguvu, ikiendeshwa na moshi ambao ungepotea bure. "Sasa siz," akaniambia, "kama turbo ndogo inasaidia, kubwa si itasaidia zaidi?"

Mzee hakubishana naye kuhusu turbo. Alimuuliza swali moja: gari likienda, ule mwendo unapelekwa wapi likisimama?

Nilipiga hesabu hiyo usiku ule, nikaiandika kwenye daftari, na naiandika tena hapa kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha. Mwendo haupotei. Unageuka kuwa joto, na joto hilo lote linaingia kwenye diski na padi. Gari la kilo 1,300 hivi pamoja na dereva wake, ukilipunguza kutoka kilomita 110 kwa saa mpaka 50 ili uingie kona, linatoa joto la kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya baridi. Hiyo ni chai ya watu sita, imechemka kwa sekunde tatu. Kiwanja chetu kina sehemu mbili za kukanyaga breki namna hiyo. Zunguka mara kumi, umechemsha lita 30, sufuria ya matanga. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na breki za mbele, na diski zenyewe ni vyuma viwili unavyoweza kuvibeba kwapani.

Tena mwendo una hila. Ukiuongeza mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Kwa hiyo kila farasi unayemwongeza kwenye injini anakuja na mzigo wake, na anaushusha mlangoni pa breki.

Nikaamua breki. Binamu yangu alikasirika, akanuna wiki nzima. Kisha akaanza kupotea usiku.

Alikuwa amepata marafiki wenye Subaru na Evo, masee wa kukutana kwenye petroli stesheni saa nne usiku, wakapigiana honi, wakaenda. Wana turbo kubwa. Wana paipu zinazotema moto. Mmoja wao, kijana mpole ambaye aliwahi kunibebea betri kutoka Kirinyaga Road mpaka stendi ya matatu na akakataa hata soda, alikuwa na gari lililotengenezwa hasa. Yaani, sehemu zinazosikika zilitengenezwa hasa.

Alikufa Februari 2022, saa saba usiku, nyuma ya lori lililokuwa limeharibika bila taa. Kiti cha kando kilikuwa tupu. Binamu yangu angekuwa amekikalia, ila siku hiyo alikuwa na mtihani kesho yake.

Mabaki ya gari yaliletwa Kariobangi, uani kwa jirani wa Mzee. Mzee alituita tukaangalie. Sikutaka, lakini nilienda. Hakusema neno. Alipiga magoti kando ya gurudumu la mbele, akamulika na tochi. Turbo ilikuwa mpya, bado ina stika yake. Padi za breki zilikuwa za aina ileile ya unga wa makaa, zimelika mpaka zimebaki unene wa kadi ya simu. Siwezi kusema kwamba padi nzuri zingemwokoa. Lori lilikuwa gizani, na gari lilikuwa linakimbia mno kwa barabara ile. Nasema tu nilichokiona kwa mwanga wa tochi.

Baada ya mazishi binamu yangu alikuja kwangu na bahasha. Ndani mlikuwa na Sh22,000, zile alizokuwa akijiwekea kwa ajili ya paipu. Akaniuliza, "Siz, zile hosi za chuma ni pesa ngapi?"

Tukafunga breki. Nitaeleza kidogo, kwa ajili ya yule anayesoma akiwa na gari lake nje na hamu yake moyoni.

Hosi za kawaida ni za mpira, na mpira wa zamani ukipata presha unafura kama mshipa wa shingo. Nguvu ya mguu wako inaishia kufurisha hosi badala ya kubana diski. Zilizosukwa kwa waya wa chuma hazifuri, na pedali inakuwa ngumu na ya kweli. Mafuta ya breki nayo yana siri yake: yanakunywa maji kutoka hewani, polepole, hata kama hujafungua kifuniko. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 nyuzi 230. Yakishakunywa maji yao, DOT 4 inaruhusiwa kushuka mpaka 155, na DOT 3 mpaka 140. Sasa rudi kwenye ile sufuria ya matanga. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi. Unakanyaga, pedali inazama mpaka sakafuni, na gari linaendelea na safari yake kana kwamba halijakusikia. Kwa hiyo mafuta ya breki ya gari la kiwanja hubadilishwa mara kwa mara, hata yakionekana safi. Lita moja ya mafuta haya ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Padi mpya pia hazivaliwi na kukimbizwa siku hiyohiyo. Zinahitaji kufundishwa. Mzee alitupeleka barabara tupu ya Industrial Area Jumapili asubuhi, akatuambia tupunguze mwendo taratibu mara nyingi bila kusimama kabisa, kisha tuendeshe bila kugusa breki mpaka zipoe. Padi inaacha utando mwembamba wake kwenye diski, na utando huo ndio unaoshika.

Tulifika Athi River kwa mara ya kwanza Julai 2022, Jumamosi ya baridi na vumbi. Kulikuwa na magari tisa, Impreza tatu pamoja na yetu, Toyota kadhaa, na Golf moja ya daktari. Mzee alikuja na kikoti chake na chupa ya chai. Alikuwa amebeba padi za zamani za mjomba, zile za kiwandani, zikiwa bado na nusu ya unene wake. Akazifunga hizo kwanza, makusudi.

"Nataka mguu wenu ujue ugonjwa kabla ya kujua dawa," akasema.

Nilikuwa wa kwanza kuendesha. Mizunguko miwili ilikuwa raha tupu. Impreza inavuta kwa magurudumu yote manne, na ukitoka kwenye kona inakusukuma mgongoni kama mtu anayekuambia haya twende. Mzunguko wa tatu nikasikia harufu, kama nywele zilizoungua. Wa nne, mwisho wa sehemu iliyonyooka, nikakanyaga na pedali ilikuwa ngumu vizuri kabisa, lakini gari halikupungua jinsi nilivyoliomba. Hapo padi ndizo zilizochoka: pedali ngumu, gari halisikii. Mzee alikuwa ametuambia tofauti yake na ule ugonjwa mwingine, ambapo pedali yenyewe inalainika kwa sababu mafuta yamechemka. Tulikuwa tumeweka koni za plastiki mbali sana kabla ya kona kwa ajili ya jaribio hili, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikazunguka mara moja polepole bila kugusa breki, turbo na diski zipate upepo, ndipo nikaingia na kusimama. Injini nikaiacha iendelee dakika mbili, maana bearingi ya turbo inaishi kwa oili, na ukizima ghafla oili inaungulia humo ndani.

Mikono ilikuwa inatetemeka. Binamu yangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, alikuwa kimya. Alishuka, akaenda kusimama karibu na gurudumu la mbele, akaangalia moshi mwembamba ukipanda. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Zikafungwa padi mpya. Tulifanya mizunguko kumi, kila mtu kwa zamu yake. Pedali ilikuwa ileile mzunguko wa kwanza na wa kumi. Na hapa ndipo kitu kilichonishangaza kilipo: tulikuwa na kasi zaidi. Injini ilikuwa ileile, turbo ya mjomba ya 1997, paipu ileile. Lakini ukiiamini breki unachelewa kuikanyaga, na ukichelewa kuikanyaga unakaa kwenye mwendo muda mrefu zaidi. Saa ya binamu yangu ilisema tumeshusha sekunde mbili na nusu kila mzunguko. Hakuna turbo iliyotupa hizo.

Tangu hapo gari limeongezwa vitu, ndiyo. Limepata shoki ngumu zaidi na tairi zenye mpira laini. Tairi hizo tunazijaza presha 28 zikiwa baridi, kwa sababu zikipata joto zinapanda mpaka 34 zenyewe. Tumeweka sahani ndani ya sampu ya oili inayozuia oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona ndefu, maana injini ya Subaru ikikosa oili sekunde chache tu, bearingi za konrodi zinaanza kugonga, na mgongo huo ni wa mazishi. Fundi wa bati jua kali ametutengenezea midomo miwili chini ya bampa, inayochukua upepo na kuupeleka kwenye diski kwa paipu. Ilitugharimu Sh3,500 na ndicho kitu ninachojivunia kuliko vyote. Paipu ya moshi bado ni ya kiwandani. Mtaani wanatucheka. Ati Subaru gani hii, inanong'ona?

Anti amewahi kuja kiwanjani mara moja. Alikaa chini ya mwavuli, akala mahindi ya kuchoma, akauliza maswali mawili: nani anasimamia, na gari la wagonjwa liko wapi. Alionyeshwa yote mawili. Hakupiga makofi, lakini hajauliza tena kuhusu kuliuza.

Najua kwamba kiwanja si jibu la kila mtu. Ni ada, ni petroli, ni helmeti, ni Jumamosi nzima bila kazi. Nchi yetu imetoa madereva wa kusifiwa duniani, na Safari ilianza tangu 1953, lakini kijana akitaka uwanja mkubwa wa lami kama Kyalami ya Afrika Kusini, wenye kilomita nne na nusu na nafasi ya kuteleza bila kumgonga mtu, hana pa kwenda. Tuna viwanja vifupi vichache, na barabara ndefu nyingi. Sasa kijana afanye nini? Akiambiwa asikimbie, hasikii. Mimi mwenyewe napenda kukimbia, siwezi kujifanya mtakatifu. Ninachoweza kumwambia ni kwamba yule anayekimbia kiwanjani anajifunza haraka kitu ambacho barabara humfundisha mtu mara moja tu.

Binamu yangu amemaliza chuo. Siku za kazi yuko kwa Mzee, Kariobangi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja na vijana wengine, sita, wakati mwingine kumi. Kuna sheria moja: kabla gari halijaingia kiwanjani, anavua gurudumu la mbele, anapima unene wa padi, na anaangalia tarehe ya mafuta ya breki iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta juu ya tangi lake. Kama padi imekwisha, au hakuna tarehe, gari halizunguki, hata kama mwenyewe ametoka Thika na amekwisha kulipa.

Mwezi uliopita aliwarudisha wawili. Walikasirika sana, wakatuita majina, wakaondoka na mngurumo wa kutusuta. Mmoja wao alipiga simu juzi, kuuliza padi nzuri zinauzwa duka gani.